Beseni la Akello

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila ninapoona limau. Ndiyo maana chumbani kwangu hapa Wandegeya, jijini Kampala, hutalikuta hata moja. Wanafunzi wa hosteli ya jirani wakija kuniomba kipande cha kutia kwenye chai, huwaambia yamekwisha, nao hucheka kwa sababu wanajua hayajawahi kuwapo. Wakishaondoka hubaki mimi na redio yangu.

Wakati huo nilikuwa mke kijana wa polisi. Tulikaa kambini, chumba kimoja chenye pazia katikati, na upande wa pili wa pazia alilala mama mkwe wangu. Sisi ni watu wa kaskazini, lakini kambini kulikuwa na watu wa kila pembe ya Uganda, kwa hiyo sote tulisema Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Mimi nilijiona bora kuliko wote. Nilikuwa nimesoma sekondari miaka minne, na somo nililolipenda lilikuwa kemia. Mwalimu alituonyesha karatasi ndogo nyekundu ikigeuka buluu kwenye maji ya majivu, na ya buluu ikigeuka nyekundu kwenye maji ya limau. Akatuambia vitu vya namna ya limau huitwa asidi, na vya namna ya majivu huitwa besi, na kwamba viwili hivyo vikikutana kwa kipimo kinachofaa, kila kimoja hupoteza ukali wake, zikabaki chumvi na maji. Nilitoka darasani nikiamini hakuna ukali duniani usio na dawa yake, na kwamba dawa zote ninazo mimi.

Mama mkwe hakusoma hata darasa la kwanza. Yeye alichoma maganda makavu ya maharage, akatia majivu kwenye chungu kilichotobolewa chini, akamimina maji juu na kukinga yale yanayochuruzika. Hiyo ndiyo chumvi ya majivu ya kwetu. Ukipikia majani ya kunde yanalainika vizuri. Mimi nilimwonea aibu. Nilimwambia mbele ya majirani kwamba hiyo si chumvi, ni besi, na chumvi ya kweli iko dukani. Yeye akaendelea kukinga matone yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu lilibaki zima, akavunjika mwingine.

Huyo mwingine ni Furaha, rafiki yangu, Mkongo aliyekuwa akikaa ng'ambo ya barabara. Watu walimwita Mama Neema kwa jina la binti yake. Mume wake alifanya biashara Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, na nyumbani kwao mafuta ya mawese hayakukosekana. Yeye alikuwa na mafuta, mimi nilikuwa na kemia, tukaanza kutengeneza sabuni uani kwake. Soda ya kostiki, ambayo ni besi kali ya kuunguza ngozi, hukutana na mafuta ikageuka sabuni. Nilimfundisha sheria ya mwalimu wangu: soda ndiyo inayotiwa majini, kidogo kidogo, maji hayamiminwi juu ya soda, maana huchemka na kuruka. Yeye alinifundisha kugusa kipande kilichokauka kwa ncha ya ulimi. Kikiuma, soda bado haijaisha ndani, kiache kikae. Kila Jumamosi tulikata vipande huku tukicheka mpaka mbavu zinauma. Sijapata tena rafiki kama yule, nasema wazi.

Jumamosi moja mama mkwe alitufuata uani na chungu chake, maana kwa Furaha kulikuwa na nafasi na bomba la maji. Mimi nilikuwa na haraka, mume wangu alikuwa anarudi kutoka zamu na sijapika. Soda ilikuwa imeshika unyevu, bonge likagoma kutoka koponi. Furaha akaniambia nisubiri, tulichokoe na kijiti. Mimi nikaligonga kopo. Bonge likatumbukia majini lote kwa mara moja, maji ya soda yakaruka, yakamwingia Furaha jicho la kulia.

Alilia mara moja tu, kisha akajikunja. Mama mkwe akainuka na beseni lake la maji. Na mimi, mwanangu, mimi msomi, nikamzuia. Nilimshika mkono kwa nguvu, nikamwambia asimwagie maji, maji na soda vinachemka. Nikakumbuka kwamba asidi huimaliza besi. Palikuwa na malimau kwenye bakuli. Nikakata moja, nikamfungua kope kwa vidole vyangu, nikakamua.

Sitakueleza alivyolia. Mama mkwe alinisukuma nikaanguka, akakishika kichwa cha Furaha, akammiminia maji jichoni, beseni zima, kisha lingine, kisha lingine. Hakuniangalia alipokuwa akisema.

"Mimi hapana soma. Lakini hii maji ya majivu imeingia macho yangu mara ngapi? Dawa yake ni maji. Maji mingi, mpaka mkono inachoka."

Kwa hiyo elewa, mwanangu, mwalimu wangu hakunidanganya. Sheria yake ilikuwa ya kopo. Soda kavu ikipewa maji kidogo huchemka, lakini soda iliyokwisha kuingia jichoni ikipewa maji mengi, huishiwa nguvu na kuondoka. Na asidi na besi zikikutana hutoa joto kabla ya kutulia, na jicho la mtu si chupa ya maabara. Akili nyingi huondoa maarifa. Hospitalini daktari aliuliza kilichofanyika, nikamweleza. Akasema zile dakika za mwanzo ndizo zilizokuwa na maana, kisha akageukia kazi yake. Jicho lile lilifunikwa na utando mweupe na halikuona tena.

Hapo ndipo kosa langu la pili lilipoanza, na hilo ndilo linalonifanya nikae hapa peke yangu na redio. Furaha alilazwa, nami sikwenda tena kumwona. Mama mkwe alikuwa akimpelekea supu kila siku, nami nilipika hiyo supu kwa uangalifu wote, lakini kuipeleka sikuweza. Alirudi siku ya kwanza akaniambia Furaha ameuliza kama mikono yangu nayo iliungua. Nilijitazama mikono, mizima kabisa, nikaificha ndani ya kanga. Furaha aliporudi nyumbani nilimwona kupitia ua, amekaa kwenye kigoda chake na bandeji, na kile kigoda nilichozoea kukalia mimi kiko kando yake. Nikawa nazunguka njia ya nyuma nikienda sokoni. Nilijiambia kesho. Jioni moja mama mkwe akaweka chini chungu chake akaniita.

"Ile ya jicho ulikosa juu ya haraka," akasema. "Hii ya kukaa ndani unakosa pole pole, na unaona."

Hata baada ya maneno hayo nilikaa siku tisa. Siku ya kumi nilivuka barabara nikakuta mlango una kufuli, na jirani hakujua walikohamia. Baadaye mume wangu akapewa uhamisho, tukaenda magharibi, miaka ikapita. Tulimzika mama mkwe, kisha nikamzika mume. Watoto wakaenda kutafuta maisha yao, wengine nje ya nchi. Mimi nikarudi Kampala. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi huyu mjukuu ndiye pekee anayenitembelea kila siku.

Mwaka jana nilipanda teksi mbili hadi Ggaba kununua samaki. Nyuma ya soko nikakuta wanawake watatu wa Kikongo wanatengeneza sabuni, nikasimama kuangalia. Mmoja alishika kopo la soda, lakini kabla hajalifungua akauliza kama beseni ya Akello iko. Mwenzake akalisogeza, beseni la buluu lililojaa maji hadi ukingoni, akasema iko. Ndipo kopo likafunguliwa.

Akello ndilo jina langu.

Nikauliza Akello ni nani. Mkubwa wao alisema jina hilo wameachiwa na mama aliyewafundisha kazi, Mama Neema, aliyekuwa na jicho moja. Aliishi palepale Ggaba miaka kumi na mmoja, na walikuwa wamemzika kabla ya mvua za mwaka uliotangulia.

"Alisema Akello ni rafiki yake," akaniambia. "Alisema ni yeye mutu wa kwanza alikimbia kumusaidia, ila mukononi hakukuwa beseni. Sasa sisi tunawekea yeye beseni."

Miaka tisa kati ya hiyo kumi na mmoja mimi nilikuwa hapa Wandegeya. Sikuwaambia jina langu. Nilinunua kipande kimoja cha sabuni, nikarudi nacho, nikaketi kitandani nikakigusa kwa ncha ya ulimi. Hakikuuma. Nililia mpaka wale wanafunzi wakaja kugonga mlango, nikawaambia ni moshi wa jiko.

Sasa sikia, mwanangu, wewe unayejifunza sabuni kwenye simu. Kabla hujafungua kopo, weka maji mengi karibu, na ufunike macho. Ikikurukia, osha, osha, osha, kisha nenda hospitali ukiwa bado unaosha ukiweza, wala usimsikilize anayekuja na limau au siki. Na mtu asiyesoma akisimama na beseni, mpishe, huenda anajua alichofundishwa na macho yake. Na ukimuumiza mtu, usitafute kitu kikali cha kufuta ukali ule, wala usikae ndani kupima maneno. Nenda leo, mikono mitupu, ukae kwenye kigoda chako. Mimi nilidhani Furaha ana hasira na mimi, kumbe aliniwekea mahali pa kukaa mpaka alipohama, na hata baada ya hapo aliniwekea beseni.

Mungu akupe wepesi wa kuchota maji, mwanangu, na wepesi zaidi wa kubisha hodi. Akujalie mlango utakaobisha uwe bado una mtu ndani. Na siku ukipita Ggaba, waambie wale wanawake kwamba Akello yupo, anakaa Wandegeya, na anawashukuru.