Firigisi na Wiki ya Pili ya Agosti

Mume wangu huniuliza kila mwaka, na kila mwaka namjibu vibaya. Anataka kujua kwa nini watu wa kwetu wameng'ang'ania nyumba moja ya Pwani, wiki ile ile moja, ilhali hoteli zimejaa kila mahali na ukichoshwa na hii unahamia ile. Yeye ni mtoto wa karani, amekulia hapa mjini Kakamega, na kabla ya kunioa hakuwahi kusafiri na kuku aliye hai. Mimi humwambia ni mambo ya baba, basi. Leo najibu kwa urefu kwa sababu tumerudi jana kutoka huko, na mama yuko chumba cha pili anakunja nguo, na kuna neno aliloniambia ambalo nimeshindwa kulimeza.

Kwanza hoteli. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari upande wa Butali. Nilipokuwa darasa la nne, chama chao cha wafanyakazi kiliwapeleka pamoja na familia zao hoteli moja ya Mombasa kwa siku tatu. Mama hakujua afanye nini na mikono yake. Alitandika vitanda kabla mhudumu hajafika, akaosha vikombe ambavyo hakuna aliyemtuma kuviosha, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani, akingoja kuitwa kula. Siku ya pili jioni tuliletewa kuku mzima wa kuokwa, amekatwakatwa vizuri kwenye sinia.

Kwetu firigisi, ambayo tunaiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Hilo halijadiliwi. Mwanamke akimpakulia mumewe kuku bila firigisi amemwambia jambo zito, na zamani angerudishwa kwao akaulizwe ni jambo gani. Baba alipindua vipande vyote kwa kijiko, kimoja baada ya kingine, halafu akamwita mhudumu.

"Kijana, hii kuku ni ya nani?"

Mhudumu akasema ni yake, ameletewa yeye. Baba akauliza, kama ni yake, imondo iko wapi. Mhudumu akacheka. Wenzake wa kiwandani, ambao nao walikuwa wameitafuta kimya kimya kwenye masinia yao, wakacheka kuliko mhudumu. Baba hakula kuku yule. Alikula chapati na mchuzi, na njia nzima ya kurudi alisema hoteli ni mahali ambapo mwanamume analishwa na watu wasiomjua.

Mwaka uliofuata, watu waliovaa tai walikodi ukumbi hapa mjini wakaalika wafanyakazi wenye hati za mshahara, wawasikilize kisha wale bure. Walikuwa wanauza ile wanaita taimsheya. Hununui nyumba, unanunua wiki yako moja ndani ya nyumba, kila mwaka, na wiki nyingine ni za watu wengine. Mwanamke aliyekuwa akieleza alionyesha picha: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko la gesi, friji, sufuria tano. Baba aliuliza swali moja tu, kama mtu anaruhusiwa kuchinja. Mwanamke yule akasema kwa wiki ile nyumba ni yako, mzee, fanya utakavyo. Baba akatia sahihi. Mama hakuulizwa. Alikuwa kwenye foleni ya chakula na kaka yangu mdogo mgongoni.

Wiki yetu ilikuwa ya pili ya Agosti, na haikuweza kuhamishwa bila kuwaarifu miezi miwili kabla. Ndugu zake baba walisema ni upuuzi. Agosti kwetu mahindi yanavunwa, watoto wanatahiriwa, na matanga hayaishi. Baba akawaambia hiyo ndiyo sababu hasa. Namkumbuka amesimama uani, amevaa ovaroli ya kazini, anawaeleza kana kwamba ameivumbua yeye mwenyewe. Hoteli unaweza kuiahirisha, alisema, na kwa hivyo kila mwaka mtaiahirisha. Utaweka akiba, halafu binamu atafiwa. Utafunga sanduku, halafu kutaitishwa mchango wa mtu anayelazwa. Wiki iliyokwisha kulipiwa haina masikio. Ukoo wote ukija kulia mlangoni, unawaambia tumeshalipa, na mambo yanaishia hapo.

Sitaki kumdhulumu. Alikuwa sahihi. Najua familia nyingi hapa ambazo zimezungumzia Mombasa miaka ishirini na hazijavuka Nakuru. Sisi tulienda. Nyumba ile ilikuwa na friji iliyonguruma na mlinzi aliyekuja na karatasi kuhesabu vijiko Jumamosi ya kuingia na Jumamosi ya kutoka. Mama alifika na unga wake, mwiko wake na chumvi yake, na ndani ya saa moja kulikuwa kunanukia nyumbani. Baba alipigilia msumari ukutani akatundika kofia yake. Mwaka uliofuata tuliukuta msumari pale pale, una alama za mafuta ya kofia za watu wengine, akafurahi kama aliyekuta mtoto wake amekua. Jogoo alisafiri nasi kwenye katoni iliyotobolewa matundu, chini ya kiti cha basi. Mwaka mmoja aliwika Mtito Andei na basi zima likaamka. Baba alimchinja mwenyewe nyuma ya nyumba, mama akampika, na firigisi ikaja juu ya sahani ya baba, peke yake, mahali pa kuonekana. Aliitafuna taratibu akitutazama sote. Miaka minne tulikuwa watu wenye furaha kwa siku saba, na mimi nilidhani ndivyo itakavyokuwa siku zote.

Mwaka wa tano, mwanzoni mwa Agosti, kukhu aliugua. Kukhu ndiye bibi yangu, mama yake mama, na aliishi Navakholo. Mama alikwenda kumwona siku ya Alhamisi. Kukhu alikuwa na kucha zinazokua ngumu na kujikunja, na kwa miaka mingi hakuna aliyeruhusiwa kuzikata ila mama. Siku hiyo mama hakuwa amebeba wembe. Kukhu akamwambia aje nao Jumapili, na mama akasema atakuja Jumapili. Jumamosi ilikuwa siku yetu ya kuingia ile nyumba ya Pwani.

Mama aliomba wiki ihamishwe. Baba alipiga simu mbele yake, nakiri hilo, na ofisi ikamjibu vile vile kama ilivyoandikwa. Mama akasema basi twende bila yeye, atabaki Navakholo. Baba akakataa. Alisema nyumba bila mama ndani yake ni hoteli, na yeye hakununua hoteli. Halafu akasema maneno ambayo mama hajawahi kuyarudia mbele yangu, lakini mimi nilikuwa mlangoni na nikayasikia.

"Mama yako amekuwa mgonjwa tangu nikuoe. Atangoja siku saba. Wiki haingojanga mtu."

Tulienda. Jumanne saa sita mchana simu ililia mama akisonga obusuma, ugali wetu. Aliiweka simu begani, akaendelea kusonga, akasikiliza, akazima gesi. Alikuja sebuleni na mwiko bado mkononi akasema kukhu ameenda, na tunarudi nyumbani leo. Baba alimwambia pole. Akamshika bega. Kisha akaanza kupanga kwa sauti ya kazini: mazishi hayawezi kuwa kabla ya Jumamosi ya wiki itakayofuata, tikiti zetu za basi ni za Jumamosi hii, maiti iko mochari na haiendi mahali. Ilikuwa kweli, kila neno, na kila neno lilikuwa la mtu anayestahili kofi.

Mama hakubishana naye. Alitugeukia sisi watoto. Kaka yangu alikuwa bado mdogo, kwa hiyo swali lilikuwa langu.

"Mnataka turudi?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Siku hiyo alasiri nilikuwa nimeahidiwa kufundishwa kuogelea na msichana wa nyumba ya tatu. Nilimtazama baba, nikamtazama mama, nikasema, "Lakini si tumeshalipa?" Nilisema kama baba anavyosema, na baba akacheka kidogo bila kukusudia. Mama alirudi jikoni akawasha gesi. Ugali ulikuwa umeshika mabonge, tukaula hivyo hivyo. Nikaenda kuogelea, na nikajua kuelea siku ile ile, na nilifurahi. Sitadanganya kwamba sikufurahi.

Tulifika Navakholo Jumapili. Dada zake mama walikuwa wamelia siku tano na sauti zao zilikuwa zimeisha; mama alipoanza kulia langoni, alilia peke yake. Nguo za kukhu zilikuwa zimeshachaguliwa. Atakayesema kwa niaba ya mabinti alikuwa ameshapangwa, na hakuwa yeye, ingawa yeye ndiye mkubwa wao. Shangazi mmoja wa boma lile alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akamwuliza kwa upole kabisa kama maji ya huko yalikuwa baridi. Ijumaa walikwenda mochari kumwosha, na ndipo mama alipoona kucha. Zilikuwa hazijakatwa. Binti mwingine alikuwa amejaribu Jumapili ile, na Jumatatu tena, na kukhu alikuwa ameficha mikono chini ya blanketi, akisema anangoja mwenye wembe. Mama alizikata pale mochari. Nilijua hilo kwa dada yake, si kwake.

Mama hakugombana na baba hata siku moja. Mimi nilingoja ugomvi kama mvua, haukuja. Ilikuja Krismasi, baba akachinja jogoo, mama akapika, na sahani ya baba ikaja ikiwa na paja, kidari na mchuzi mzuri. Firigisi haikuwepo. Baba alishika kijiko akapindua paja, akapindua kidari. Nikakumbuka hoteli. Nikangoja aulize. Alimega ugali, akachovya, akala. Hakuuliza siku ile, wala Pasaka, wala Agosti iliyofuata Pwani, ambako tulirudi na jogoo kwenye katoni kama kawaida, na msumari ulikuwepo, na kofia ilitundikwa. Mwanamume aliyemhoji mhudumu mbele ya hoteli nzima kwa ajili ya firigisi alikaa kwenye nyumba aliyoinunua kwa ajili ya firigisi, akala kuku asiye nayo mwaka baada ya mwaka.

Nilikuja kujua ilikokuwa ikienda nikiwa kidato cha tatu. Niliingia jikoni bila kubisha nikamkuta mama amesimama kando ya sinki, mgongo umenielekea, anaila. Aliinyunyizia chumvi akaitafuna polepole, akitazama ukuta. Mwanamke wa rika lake aliyelelewa vile ambavyo mama alilelewa, firigisi haigusi. Nilirudi nyuma nikafunga mlango. Nilimchukia baba siku hiyo kwa nguvu zangu zote, na ilinipa raha kumchukia, kwa maana kumchukia yeye kulinipunguzia mzigo wangu.

Sasa baba ni mstaafu. Miguu imevimba, meno ya upande mmoja yameisha, na ile karatasi ya wiki ameiandikisha kwa jina langu. Ndiyo maana mume wangu anauliza. Wiki hii iliyopita tulienda sote, naye akiwemo, na siku ya tatu nilimwambia mama apumzike, nitapika mimi. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilidhani miaka imetosha, na kwamba kama hakuna atakayesema neno, basi mtu mmoja aweke kitu kwenye sahani. Niliichemsha firigisi mpaka ikalainika kwa ajili ya meno yake, nikaiweka juu ya ugali wa baba, mahali pa kuonekana.

Baba aliitazama. Aliichukua kwa vidole viwili, akanyoosha mkono kuvuka meza, akaiweka kwenye sahani ya mama.

"Mama watoto," akasema. Basi, hilo tu.

Nilisikia machozi yakinijia. Niliamini kwamba nimefanya jambo kubwa. Mama aliitazama firigisi, hakumtazama aliyempa. Akachukua kisu cha mezani, akaikata katikati, sawasawa. Nusu moja akaichukua mkononi, akainuka, akaenda nayo jikoni, na kupitia mlango uliokuwa wazi sote tukamwona amesimama kando ya sinki, anatafuna. Mume wangu alinitazama akitaka kueleweshwa. Baba aliinamia ugali wake.

Mama alirudi akijipangusa mikono kwa leso. Nusu ya pili ilikuwa bado kwenye sahani yake. Aliisukuma ile sahani mpaka ikagusa yangu.

"Hiyo ni yako," akaniambia, kwa sauti ile ile anayotumia kumkaribisha mgeni. "Kula, mwanangu. Si tumeshalipa?"