Eksirei Isiyopiga Picha za Magoti

Asmahani, mwenye mgahawa mjini Kasulu, alikwisha kumzoea mtaalamu wa eksirei aliyekuja likizo kutoka ng'ambo. Kila asubuhi mgeni huyo alikoroga chai mara tatu, akaonja, kisha akakoroga tena, kana kwamba sukari ina desturi ya kumdanganya. Mzee Nkunzimana, mteja wa mgahawa, alipomletea goti lililovimba, mtaalamu alijibu kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi: "Samahani mzee, eksirei yangu haioni mifupa. Inachungulia kichocheo, kile kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali, wakati kinapofanya kazi." Mzee akaondoka akichechemea, ameelimika sana. Kwa miaka sita msomi huyo aliboresha mtambo wake wa eksirei ili unase badiliko la kichocheo lililo hafifu kuliko mnong'ono sokoni. Kazi kubwa hiyo, magoti yatasubiri.

Jumanne simu iliita. Mtanzania mwenzake aliyebaki ng'ambo kwenye mtambo alikuwa anacheka kwa furaha: badiliko limeonekana. Mtaalamu akasukuma kikombe kando bila kukoroga. Asmahani akadhani leo angalau atatabasamu.

"Zima leza, ule mwanga unaokiamsha kichocheo," mtaalamu akasema taratibu, "halafu upime tena."

Akangoja robo saa, simu sikioni. Jibu likaja: leza imezimwa, na badiliko bado lipo palepale.

"Basi hilo si la kichocheo, maana sasa kimelala. Ni kelele za mtambo wetu, unajidanganya wenyewe. Lifute."

"Kwani nani angejua, mwanangu?" Asmahani akauliza, akipangusa meza.

"Mimi, mama. Nimeshajua."

Asmahani, aliyemsimanga wiki tatu nzima kwa kukoroga chai, siku hiyo alimkorogea kikombe kingine yeye mwenyewe, mara tatu.