Kanda Iliyowekwa Pakavu

Wenye maduka ya vifaa vya umeme mjini Arusha wakimwona Aminieli anaingia, walikuwa wanavuta pumzi kwanza. Mteja wa kawaida huomba kanda ya video, hulipa, huondoka. Aminieli aliomba tano, akazitoa zote kwenye maboksi yake, akaziinua moja moja kwenye mwanga wa mlangoni kuangalia kama utepe umezungushwa sawasawa, akazipima kwa mkono, akazitikisa sikioni, halafu akachukua mbili. Za kurekodi saa nne mfululizo hakuzitaka hata bure, kwa kuwa utepe wake ni mwembamba na huvutika. Zilizobandikwa kwa gundi hakuzitaka pia. Alitaka zenye skrubu kwa nyuma, ambazo zikipata ajali zinafunguka na kufungwa tena.

"Bwana Aminieli, unanunua kanda au unaposa?" muuzaji mmoja alimwuliza.

"Naposa," alijibu, akaendelea kutikisa.

Alikuwa mtoto wa Kimeru wa huko juu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Biashara huria ilipofunguliwa nchini, bei ya kahawa ikaanguka huku bidhaa za Dubai na Nairobi zikimwagika mjini. Yeye akauza ng'ombe wawili wa urithi na kununua kamera ya mkono wa pili, ile kubwa ya kubeba begani, inayomeza kanda nzima ya kawaida. Ndugu zake walimwona amerukwa na akili. Lakini miaka ile kila familia iliyojiweza kidogo ilitaka kujiona kwenye televisheni: harusi, kipaimara, send-off ya kumuaga binti anayeolewa, hata mazishi. Chumba chake cha Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, hakikukosa wateja.

Vumbi la barabara ile lilikuwa adui yake. Kabati la kanda alilitundikia pazia zito, na kanda zenyewe alizisimamisha kama vitabu, kila moja imezungushwa hadi mwanzo. Ole wake aliyeiacha kanda juu ya televisheni au karibu na spika, maana sumaku hufuta picha. Kazi ikiisha, alivunja kile kipande kidogo cha plastiki ubavuni ili mtu asije akarekodi mpira juu ya harusi ya dada yake. Halafu, akimkabidhi mteja kanda yake, alisema maneno yale yale kila mara, kwa sauti ya daktari: "Unyevu ndio unaoua. Weka mahali pakavu kuliko pote nyumbani kwako."

Alijivunia sana sentensi hiyo.

Mwaka elfu mbili na tatu, baada ya mvua za masika, aliingia mama mmoja mtu mzima ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Alikuwa Hanna, kwa jina la heshima Mama Nice. Aminieli alimkumbuka mara moja, kwa sababu alikuwa amerekodi send-off ya Nice, bintiye wa kwanza, mwaka tisini na sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kanda yako uiamshe. Kule shuleni wameniwekea kwenye deki yao ya video, ikakataa."

Alifungua kitenge. Kanda ilikuwa imebadilika rangi, ina weusi wenye mafuta mafuta, na kona moja imejikunja. Harufu ilijaza chumba. Ilikuwa harufu ya moshi wa jikoni.

Hanna alieleza shida yake bila haraka. Mdogo wake Nice, Magreth, alikuwa anaolewa, na send-off ilikuwa wiki ijayo. Baba yao, mzee Kaanaeli, alikuwa amefariki siku nyingi. Alipombariki Nice, mzee tayari alikuwa anaumwa, na mwenyewe alijua. Kwa hiyo katika maneno yake aliweka na ya Magreth, ambaye usiku ule alikuwa mtoto na alishapitiwa na usingizi jikoni. Magreth hakuyasikia kamwe. Umeme nyumbani haukuwapo, na mama aliona vema yangoje siku yake.

"Shemeji yangu atasimama badala ya baba," Hanna alisema. "Ni mtu mwema, lakini atasema ya kwake. Mimi nataka mtoto asikie ya baba yake."

"Ulikuwa unaiweka wapi, mama?"

"Si uliniambia mahali pakavu kuliko pote? Niliiweka darini, juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu."

Aminieli mwenyewe utotoni alikuwa akipandishwa kwenye dari ya namna hiyo kuteremsha mahindi ya mbegu, macho yakimtoka machozi kwa moshi. Katika nyumba ya Mmeru, kinachothaminiwa kuliko vyote huwekwa pale, juu ya moto, ambapo unyevu wa mlimani haufiki na wadudu hawathubutu. Mama huyu alifuata agizo kwa utii ambao mteja wa mjini hana. Kanda ilikuwa imekaushwa kwa miaka saba kama mbegu.

"Nilikosea?" Hanna aliuliza, akiutazama uso wake.

"Hukukosea, mama. Mimi ndiye niliyekuagiza vibaya. Niliongea kama sikuzaliwa kule."

Nakala haikuwapo, kwa kuwa mwaka ule wa tisini na sita Aminieli alikuwa na deki moja tu, na kunakili kunataka mbili. Kesho yake alifunga mlango na kufanya kazi kuanzia asubuhi. Alifungua skrubu, akautoa utepe kwenye ganda lililokunjamana na kuuhamishia kwenye ganda jipya. Kisha aliuzungusha kwa kidole taratibu sana, huku akiufuta masizi kwa kitambaa laini cha pamba. Ulipokatika alikata kipande kilichoharibika na kuunga.

Mchana aliutia kwenye deki. Chenga nyeupe zilijaa kioo cha televisheni kwanza, halafu mzee Kaanaeli akatokea, amesimama mbele ya migomba na koti lake la kanisani, mkono juu ya kichwa cha Nice. Aminieli nusura apige makofi. Mzee akafungua kinywa, na kilichotoka kwenye spika ni muungurumo tu.

Alijua sababu kabla hajaitafuta. Picha huandikwa katikati ya utepe, mahali papana. Sauti huandikwa pembeni kabisa, kwenye mstari mwembamba kama uzi, na pembeni ndipo joto lilipoanza kula. Alibadilisha deki, akasafisha, akajaribu tena na tena mpaka akaogopa kuumaliza utepe wenyewe. Mzee alizungumza kila mara, na hakusikika hata mara moja. Aminieli alikaa chini kwenye sakafu ya chumba chake, akaona aibu, na zaidi ya aibu akaona huzuni.

Alipanda mlimani mwenyewe kwenda kusema. Hanna alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya ndizi, na kisu hakikusimama.

"Maneno yenyewe unayakumbuka, mama?" Aminieli aliuliza.

"Niyasahau vipi? Kaanaeli alikuwa na haya mbele za watu. Wiki nzima kabla ya sherehe alinijia zizini nikikamua, akafanya mazoezi. Nikamwambia hapa vuta pumzi, hapa usikimbie." Alitabasamu kidogo. "Lakini si yangu kuyasema. Yalitakiwa yatoke kwa baba."

"Basi tuache kuionyesha. Watu watashangaa picha isiyosema."

"Ionyeshe," Hanna alisema. "Mtoto amwone amesimama."

Siku ya send-off turubai lilifungwa uani, jenereta likawekwa nyuma ya zizi, televisheni ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Watu walishakula na soda zilikuwa zinazunguka. Aminieli alikuwa na kamera begani, ndani yake kanda mpya aliyoichagua kwa nusu siku. Shemeji yake Hanna alimaliza baraka zake, ambazo zilikuwa nzuri na ndefu. Ndipo deki ikawashwa.

Mzee Kaanaeli akatokea kati ya chenga. Minong'ono ikaanza: mbona hasemi, ongezeni sauti. Magreth alisogea mpaka karibu kabisa na kioo, amejishika mikono.

Hanna akainuka kwenye kiti chake. Hakuna aliyemwita. Alikwenda akasimama kando ya televisheni, mahali ambapo angeona midomo ya mumewe, akaweka mkono juu ya kichwa cha Magreth. Mzee alipofungua kinywa, yeye akasema, kwa Kimeru:

"Nimekulea kwa mikono hii. Nenda, lakini mlango wa hapa usiufunge nyuma yako. Ukichoka, njoo. Ukishiba, njoo pia."

Kwenye picha mzee alikohoa. Hanna alinyamaza, akamngoja amalize, akaendelea naye.

"Na haya si ya Nice peke yake. Ni ya mdogo wake pia, aliyelala jikoni. Siku yake ikifika na mimi sipo, asije mtu akamwambia hakubarikiwa na baba."

Midomo ilifunga, na yeye akafunga. Chenga zikajaa kioo. Magreth akaanza kulia, na shemeji akavua kofia yake. Aminieli aliyasikia yote kwenye vipokea sauti vya masikioni, safi, bila muungurumo, na ilimbidi aegemee nguzo ya turubai ili picha isitikisike.

Baada ya harusi Magreth alikuja Sakina, akiwa njiani kwenda Kisongo kwa mumewe.

"Shikamoo, kaka. Nimekuja kuchukua kanda ya baba."

"Marahaba. Ile ya zamani iko kwa mama yako. Hii ni ya send-off yako."

"Hiyo hiyo," Magreth alisema. "Nataka kumsikia baba."

Aminieli alimtazama, akaona hakuna la kusahihisha. Alivunja kipande cha plastiki ubavuni, akaitia kanda kwenye boksi lake na kumkabidhi. Kinywa kilishafunguka kwa mazoea kuhusu unyevu na mahali pakavu, lakini akajizuia.

"Huko Kisongo," aliuliza badala yake, "vitu mnavyovithamini mnaviweka wapi?"

"Bado sijajua, kaka. Nyumba ndiyo kwanza naiingia."

"Basi ukijua, nipigie simu kabla hujaiweka kanda."