Mkono wa Breki

Kama kuna mtu aliyevijua vilima vya kati ya Wamaza na Kasongo kwa matako yake, ni Bulaimu. Miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, alibeba mchele na mawese kwa baiskeli, ambayo kwao huitwa kinga, mvua na jua, na breki zake zilikuwa visigino vyake. Vile vipande vya mpira vya kubana gurudumu vilikwisha zamani, na tope la njia ile lingemaliza hata vya chuma. Wachukuzi wenzake walimcheka kwamba anavaa viatu vya ngozi yake mwenyewe, na visigino vikageuka soli.

Basi Dominique, katekista aliyekuwa amevunja fremu ya baiskeli yake, alipokubali kumwachia gurudumu la nyuma, Bulaimu alifurahi mno. Halikuwa gurudumu la kawaida. Breki yake, au freni kama walivyoiita wao, ilikaa ndani ya kitovu: ukikanyaga pedali mbele linakwenda, ukikanyaga kinyume linashika. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Aliipindua baiskeli uani, akalegeza nati, akalitoa gurudumu la zamani. Jipya lilikuwa pana kidogo, kwa hiyo akaipanua fremu kwa goti mpaka likaingia. Akavisha mnyororo, akauvuta, akauachia ucheze kidogo kama inavyotakiwa. Ikabaki kitu kimoja. Upande wa kushoto, kwenye kitovu, kuna kipande kirefu cha chuma kinachoitwa mkono. Mkono huo lazima ufungwe imara kwenye fremu kwa ukanda wa chuma, maana usipofungwa, ukikanyaga breki unazunguka wenyewe na breki inakuwa bure. Ukanda wa Dominique ulikuwa umepotea.

Mhunzi angeweza kufua mwingine, lakini alikuwa na kazi nyingi. Bulaimu akachukua utepe wa mpira wa ndani wa tairi, akauzungusha, akaukaza kwa meno. Kwa wachukuzi wa njia ile mpira ulifunga kila kitu: magunia, madumu, kuku, hata mlango wa nyumba. Alijaribu breki pale uani bila mzigo, ikashika vizuri. Akasema moyoni mhunzi atasubiri.

Kisha mama mkwe wake akaugua. Tumbo lilivimba, kula hali, kulala halali, na muuguzi wa Wamaza akasema bila hospitali ya Kasongo haponi. Mgonjwa wa namna hiyo hubebwa kwa machela, ila wanaume walikuwa wameitwa na Leta, yaani serikali, kwenda kutengeneza barabara. Ilibaki baiskeli ya Bulaimu, na Bulaimu akaogopa kweli.

Hakuogopa vilima. Kwao mkwe ni mtu wa kukimbiwa kwa heshima. Hamtazamani usoni, hamgusani, na hamsemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Mtu wa tatu asipokuwapo, utasema na mti, au na mbuzi, na mwenye masikio atasikia. Sasa mama huyu angekaa nyuma yake njia nzima, na hata kumshika kiunoni asianguke ni mwiko. Faida, mke wa Bulaimu, ndiye aliyepata njia. Alimkalisha mama yake ubavu kwenye keria, miguu upande wa kushoto, akaufunga mkono wake mmoja kwenye chuma kwa kitambaa chake mwenyewe. Yeye angefuata kwa miguu.

Walikwenda vizuri tambarare. Mama alitazama chini, na Bulaimu akatazama mbele. Kwenye kilima kimoja kidogo breki ilishika, naye akamshukuru Mungu. Wakafika mteremko mrefu wenye mawe. Katikati, baiskeli ikishika kasi, akasikia sauti dhaifu nyuma yake:

"Weye kinga, ambia mwenye kukuendesha, mukono inafunguka."

Alisikia vizuri sana. Akaona akilini mkono wa mgonjwa ukichomoka kitambaani, mama wa watu akianguka kwenye mawe. Ilimpasa asimame mara moja. Akakanyaga kinyume kwa uzito wake wote, na mpira ukakatika.

Pedali zikarudi tupu. Aliburuza visigino, haikusaidia kitu, akaona heri aiingize baiskeli kwenye majani ya kando kuliko kwenda nayo mpaka bondeni. Wakaanguka wote wawili. Aliponyanyuka, mama mkwe alikuwa amelala ubavu, akiguna kwa maumivu, na mkono wake bado umefungwa kwenye keria, fundo la Faida halijalegea hata kidogo. Chini yake, mkono wa breki ulikuwa unaning'inia.

Bulaimu alilia hapo hapo kama mtoto. Kisha akatoa kisu, akakata kitambaa, akambeba mgongoni yule asiyeruhusiwa kumgusa, na mama akajifunika uso kwa nguo asionekane. Walifika Kasongo wakiwa wamechelewa mno, na kesho yake mama akafariki.

Baada ya maziko Faida alimkuta mumewe nyuma ya nyumba, akamuuliza kama mama yake alisema lolote njiani.

"Alisema na kinga," Bulaimu akajibu. "Alisema mukono inafunguka."

Faida akaketi chini. Alitazama vidole vyake.

"Basi ni miye," akasema. "Ni miye nilifunga mubaya."

Bulaimu angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyekuwapo mteremkoni, na baiskeli haina kinywa. Lakini alimwona mkewe akivisugua vile vidole kwenye udongo, moyo ukamshinda.

"Hapana, Faida. Fundo yako ilishika, niliikata na kisu. Mukono alisema ni ya freni. Ile nilifunga miye, na mupira."

Faida aliacha kusugua vidole. Alimtazama mumewe sana.

"Na haukumuuliza ni mukono gani?"

Mkwe haulizwi, na aliyemfundisha Bulaimu hivyo, mwaka ule wa ndoa yao, alikuwa Faida mwenyewe.