Pindo la Ndani

Dobi yule hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Akiletewa kitambaa asichokijua, alikigeuza, akagusisha pasi ya mkaa kwenye pindo la ndani, akasubiri, akatazama. "Kikiharibika huku, hakuna atakayeona," aliwaambia wateja. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo. Ndiyo maana asubuhi ile, kwenye benchi la zahanati, alishindwa kumtazama binti aliyekaa kando yake.

Binti alikuwa mtoto wa dada yake. Dada alifariki miezi mitano nyuma, na kabla ya kufumba macho alisema, "Nitunzie Chiriku." Chiriku walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Sasa alikuwa kimya, mtandio umemfunika mashavu hadi puani.

Zilianza chunusi. Zikipona, ziliacha madoa meusi. Siku moja alirudi kutoka shule akilia. "Mama mdogo, wananiita barabara mbovu!"

Marehemu mama yake alizoea kumpaka asali kidogo, kisha kumwosha taratibu. Dobi aliona asali inachelewa. Jirani akamwambia limau na magadi humaliza kazi kwa siku moja, naye, mtu wa kutoa madoa kwenye mashuka, akaamini. Limau si hutoa kutu kwenye shati jeupe? Jumamosi saa tano alimsugua mtoto wa watu uso mzima, wakatoka pamoja kuanika mashuka ya nyumba ya wageni, jua limesimama utosini.

"Inawasha, mama mdogo."

"Vumilia. Ndiyo inafanya kazi hivyo."

Mara mbili binti alisema inawasha. Mara mbili akajibiwa vumilia. Jumatatu mashavu yalikuwa yameiva kwa malengelenge, na tangu hapo dobi hakuweza kusali. Akipiga magoti aseme "Ee Mungu," masikio yake yalisikia "vumilia" tu.

Pale zahanati, muuguzi alifunua mtandio, akaguna. "Umepaka nini, binti?"

Dobi akawahi. "Sabuni mpya, dada. Imemkataa."

Chiriku akageuka, akamtazama. Muuguzi akaandika: sabuni. Dobi aliifuata ile kalamu mpaka herufi ya mwisho, akahisi marehemu dada yake amesimama mlangoni.

"Futa hapo," alisema. "Ni mimi. Nilimpaka limau na magadi, halafu nikamtoa juani."

"Hakukwambia inamwasha?"

"Aliniambia."

Muuguzi hakugomba, na hilo lilimuuma dobi zaidi. Alifuta, akaandika upya, akatoa dawa ya kuungua. "Limau usoni na jua, hapana kabisa," alisema. "Linaunguza na kuongeza weusi. Usimsugue, na wewe binti usitumbue chunusi. Osha kwa maji na sabuni laini, vaa kofia juani. Ukishapona, kama mnataka kupaka kitu cha nyumbani, hata asali, jaribuni kwanza tone moja ndani ya mkono, kisha subirini siku mbili. Ikiwasha, osha, basi. Na madoa huondoka kwa miezi, si kwa Jumamosi moja. Chunusi zikizidi, rudini hapa."

Ndani ya mkono. Dobi aliinamisha kichwa. Mashuka ya wageni aliyajaribu pindoni. Uso wa mtoto wa dada yake, hapana.

Wiki sita zilipita. Mashavu yalipona, ila weusi ulibaki, mpana kuliko wa mwanzo. Kila dobi alipouona alisema "nisamehe, mwanangu," mpaka binti akachoka. "Mama mdogo, ukisema tena nakutoza!"

Jumapili moja Chiriku alikuja na chupa ya asali ya marehemu. Dobi akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Mimi sishiki hiyo."

Binti akakunja mkono wa blauzi, akaugeuza upande wa ndani, akauweka kwenye meza ya kupigia pasi. "Pindo hili hapa. Jaribu."

Dobi alichovya kidole kwenye asali. Akagusisha tone moja.

"Inawasha?"

"Hata hujainua kidole!"

Dobi alicheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja. "Ikiwasha, sema mara moja tu," alisema. "Mara moja tu, mwanangu. Nitasikia."