Nilivitambua Vitabu kwa Mshono wa Marehemu

Ninaposema kitabu cha kufundishia, simaanishi karatasi zozote zilizoshonwa pamoja. Ninamaanisha kitabu ambacho mtoto anaweza kukiamini akiwa peke yake, bila mtu mzima kusimama nyuma yake na kumwambia, "Hapo usisadiki." Naomba maana hiyo ikumbukwe hadi mwisho.

Admin, nashukuru kwa kulificha jina langu. Nina miaka thelathini na tisa, ni mjane, mama wa watoto watatu. Tulikimbia vita kutoka Fataki, na sasa tunaishi Saio, hapa Bunia, katika nyumba ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Watoto ninawafundisha nyumbani, na si kwa kupenda. Binti yangu mkubwa, nitamwita Furaha, alikuwa darasani siku watu wenye mapanga walipoingia shuleni kwetu. Tangu hapo akisikia kengele ya shule anajikojolea.

Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi katika shamba la maharagwe, nyuma ya vyoo. Nilimwona akifika salama ukingoni mwa uwanja, kisha akageuka na kurudi mbio kwenye kabati la vitabu, ofisini mwake. Walimkata mlangoni. Panga la kwanza lilimpata begani, la pili shingoni. La tatu halikuwa la lazima, lakini walimpiga nalo. Kisha wakaichoma ofisi.

Mwezi uliopita nilikwenda sokoni pamoja na shemeji kutafuta vitabu vya mwaka wa sita. Mimi huchagua polepole. Huanza na mazoezi ya katikati, kwa sababu mwandishi mvivu huchokea hapo. Kimoja nilikikataa kwa kuwa majibu ya hesabu za sehemu yalikuwa na makosa, kingine kwa kuwa kila hesabu ilihusu treni, na wanangu hawajawahi kuona treni. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akaanza kunitania.

"Mama, unasoma kitabu yote hapa hapa, nyumbani utasoma nini tena?"

Jirani yake aliyeuza ndala akadakia: "Papa, chunga! Huyu iko inspekta, atakufungia meza!"

Nilicheka pamoja nao. Ndipo akainama, akatoa fungu jingine chini ya meza. Vilikuwa vitabu vya darasa hilohilo la sita, vimefunikwa kwa karatasi ya mfuko wa simenti, na majalada yameshonwa kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Mume wangu aliagiza uzi huo Mahagi-Port kila mwaka, kwa kuwa gundi huliwa na mende. Sijawahi kuona mwingine akishona kitabu hivyo. Nilitamka kwa sauti: "Hivi ni vya baba Furaha."

Ilitosha. Shemeji aling'oa chuma kilichoshikilia turubai.

"Weye! Ulimukata kaka yangu, sasa unakuya kuuzisha vitabu yake?"

"Sikukata mutu! Mwalimu alinipatia yeye mwenyewe, alisema nifiche!"

Chuma kilimpata kwenye taya. Nilisikia mfupa ukivunjika. Vijana wa pikipiki walifika wakipiga kelele, "Muuaji! Muuaji!", na hakuna hata mmoja aliyeuliza ameua nani. Mmoja aliukanyaga mkono wake hadi vidole vikageuka upande usio wao. Mwingine alimpiga mateke ya mbavu, bila haraka, kama mtu anayefanya kazi ya kutwa. Nililia waache. Sauti yangu haikumfikia yeyote. Polisi walipomwondoa alikuwa bado anapumua. Shemeji alivikusanya vitabu, akavipangusa damu kwa shati lake, akasema: "Hii ndiyo urizi ya watoto."

Sasa nieleze ambalo shemeji pekee amelisikia kwangu. Siku chache kabla ya kuuawa, mume wangu aliniambia tukiwa tunakula: "Vitabu vya la sita vimeshatoka Fataki. Viko kwa mutu wa kuaminika." Sikumuuliza ni nani. Nilipomweleza shemeji, aliweka sahani chini.

"Shemeji, sahau ile maneno. Ukisema, miye niko gerezani, na weye na watoto muko barabarani."

Mke wa muuzaji naye alikuja, mtoto mgongoni. Alikataa kuketi. "Bwana yangu hawezi kusema, taya yake wamefunga na waya. Weye uko na kinywa. Tulingoja mwenye vitabu akuye. Hakuna mutu alikuya. Njaa ndiyo ilikuya."

Wiki hii muuzaji anaruhusiwa kutoka hospitalini. Vijana wa mtaa wetu wanapokezana kukaa kwenye lango la hospitali na mapanga ndani ya magunia, kwa kuwa kwao yeye ndiye aliyemuua mwalimu. Akiuawa, ndugu zake watakuja Saio kulipiza kisasi kabla ya matanga kwisha.

Ningesema leo, kama si pingamizi ninalojiwekea mwenyewe. Mtu harudi mbio kwenye kabati tupu. Labda alifuata vitabu vya madarasa mengine. Labda mtu wa kuaminika alikuwa mwingine, na huyu alimpora. Kati ya hayo, sina hata moja ninaloweza kuliapia.

Jana Furaha alikuwa na kimojawapo cha vitabu hivyo magotini. Akaniuliza bila kuinua macho: "Mama, ule papa wa sokoni ndiye alimuua baba?" Majibu ya mazoezi yote ya kitabu kile ninayajua. Nilimwambia aendelee na hesabu za sehemu. Akaendelea, kwa sababu ananiamini kama nilivyotaka akiamini kitabu, bila mtu kusimama nyuma yangu.

Wasomaji, naomba ushauri wenu kabla lango lile halijafunguliwa. Niseme nusu hii ninayoijua, shemeji afungwe na wanangu walale nje? Au ningoje uhakika, na ukija baada ya mazishi, nitampelekea nani?