Koa Mweupe Aliyefika Daudi

Likizo ile nilirudi nyumbani, kijijini Daudi, na kichupa cha spiriti mkobani. Ndani yake alikuwamo koa wa baharini, yaani konokono asiye na gamba, mdogo kama punje ya harage, mweupe pee. Nilimwokota Tanga nikiwa fildi, kwenye mafunzo ya vitendo. Mwalimu wangu wa chuo alisema kama ni mweupe mwili mzima, bila alama yoyote, huenda hakuna aliyewahi kumwandika wala kumpa jina. Nimtumie maelezo kabla ya Ijumaa.

Kosa langu, nilimwambia mama. Jumapili kanisa zima likajua binti yake kagundua mnyama, na jogoo wa shukrani akatengwa kwa Jumapili inayofuata. Kila niliyempa shikamoo aliniuliza, "Mnyama hajambo?" Nilicheka nao.

Alhamisi mama alikuwa uani anachambua mbegu za maharage. Akakichukua kichupa, akakiinua juani.

"Akiwa hai alikuwa mweupe hivi hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Nauliza tu. Majani yangu ya dawa ya magoti, niliyaloweka kwenye spiriti yakatoka meupe kama karatasi. Rangi yote ilibaki kwenye spiriti."

Nikamnyang'anya kichupa. Spiriti ilikuwa na umanjano kwa mbali. Ee Mungu wangu, miaka mitatu ya chuo na sikuliwaza hilo! Kwenye simu nilikuwa na picha moja tu ya koa akiwa hai, tena imetikisika. Nikaikuza. Ukingo wote wa mwili ulizungukwa na mstari mwembamba wa manjano.

Ningeweza kuifuta. Nasema kweli, kidole kilishafika penyewe, na niliyekuwa namfikiria ni yule jogoo. Mama alirudi kwenye ungo wake wa mbegu. Nikaituma kwa mwalimu. Jibu lilikuja kabla mama hajamaliza ungo: "Huyo anajulikana. Wako tele."

Jumapili nilisingizia kichwa kinauma. Mama hakunisikiliza. Alisimama mbele ya kanisa, jogoo kwapani, nami nikainama nikiisubiri aibu yangu.

"Yule mnyama kumbe ana jina lake siku nyingi," akasema. "Msomi wangu hakuona kitu. Niliyeona ni mimi. Kwa hiyo shukrani ya leo ni yangu mwenyewe."